Uzi: Nimemtungia rafiki yangu muziki wa filamu fupi (dakika 14, Pangani). Tujadili muziki uingie wapi na unyamaze wapi

Kinanda cha Makorora (#1)

Wakuu, habari za jioni.

Humu nyuzi za kutengeneza biti zimejaa, na za kugombania programu za muziki, FL Studio na Cubase, ndiyo usiseme. Ya muziki wa filamu sijaiona, na vijana wanaopiga filamu fupi kwa simu na kamera za kuazima wanazidi kuwa wengi. Wakifika kwenye muziki wanachukua chochote YouTube, wanabandika, kazi imeisha. Mimi nimetoka kumaliza ya rafiki yangu na bado ninayo kichwani, kwa hiyo naandika sasa hivi. Ni ndefu, mwenye haraka apite.

Filamu ni ya dakika 14. Mzee, fundi baiskeli, anaishi Bweni, ng'ambo ya mto Pangani. Binti yake anatoka Dar kuja kumshawishi auze nyumba. Mzee hauzi. Basi, hadithi ndiyo hiyo. Maneno machache, watu wanatazamana zaidi ya wanavyoongea, na karibu nusu ya filamu iko kwenye pantoni na kwenye kibanda cha baiskeli.

Rafiki yangu aliponiita alisema wanachosema waongozaji wote: "Nataka muziki wa huzuni." Nikamwambia huzuni siijui noti zake, niambie mzee anaficha nini. Tukabishana mpaka chai ikapoa, ikapatikana kwamba mzee hana huzuni hata kidogo. Anaona aibu, kwa sababu nyumba ameshaiweka rehani na binti hajui. Hapo nikapata cha kupiga. Kama ningetunga huzuni ningekuwa nimetunga filamu nyingine kabisa.

Kisha tukaitazama yote bila muziki, tukiisimamisha kila hatua. Daftari nililigawa safu tatu: dakika na sekunde, nini kinatokea, na mtazamaji anajua nini ambacho mhusika hajui. Safu ya tatu ndiyo inayoamua. Binti akilia na muziki ukalia naye, umemwambia mtazamaji kitu anachokiona kwa macho yake. Binti akicheka na muziki unajua habari ya rehani, sasa mnaongea. Tulipomaliza, katika dakika 14 muziki ulibaki dakika nne na ushee. Mwenzangu alitaka kumi. Hakufurahi.

Ala nazo zilikuwa ugomvi. Kwenye nakala aliyonipa alikuwa ameshabandika taarabu ya okestra kubwa ya Unguja, fidla kibao, kanuni (ile ala ya nyuzi nyingi za kudonoa), nai (filimbi ya mwanzi), akodiani. Nzuri mno. Lakini huyu mzee ana miaka sabini na kitu, ujana wake ulikuwa miaka ya 60 na 70, na hapa ni mkoa wa Tanga. Tanga ya wakati ule ilikuwa na taarabu yake, ya akina Black Star na Lucky Star, ambako gita la umeme na besi vilichukua nafasi ya lile jeshi la fidla. Harusi ya huyu mzee, kama angekuwa mtu wa kweli, ingepigwa muziki huo. Nikasema tuanze na gita. Sikuchukua wimbo wa mtu, nilichukua tabia: besi inayotembea bila haraka, gita linalojibu badala ya kuongoza, na nafasi tupu mahali ambapo mwimbaji angeingia. Mwimbaji haingii filamu nzima, ukiacha kwenye redio ya mzee.

Sehemu ninayoipenda kuliko zote ni ya pantoni. Binti amekataliwa, anavuka peke yake. Mwongozaji alitaka muziki uanze machozi yanapotoka. Mimi nikaenda kusikiliza sauti waliyorekodi pale, nikakuta injini inanguruma noti moja mwanzo mwisho, iko kati ya A-flati na A. Injini siwezi kuipangia noti, kwa hiyo nililegeza nyuzi za gita mpaka zikakubaliana nayo, nikaingiza noti tatu kwa pamoja chini ya ule mngurumo, taratibu sana. Mtazamaji hazisikii. Pantoni inagota ng'ambo, injini inazimwa, ndipo anagundua kumbe kulikuwa na muziki muda wote. Binti bado hajalia. Anapolia, mimi nimeshanyamaza.

Kwa wapenda hesabu: filamu ni fremu 25, yaani picha moja moja 25, kwa sekunde. Gawanya 1500 kwa mapigo yako ya dakika, unapata kila pigo lina fremu ngapi. Mapigo 60 ni fremu 25 kamili, 75 ni fremu 20, 100 ni fremu 15. Ukichagua mwendo unaogawanyika vizuri, mhariri akisema "sogeza fremu 10" kwenye 75 unajua ni nusu pigo. Sini (kipande cha filamu) ya baiskeli niliiweka 75 kwa sababu ndiyo kasi ambayo mzee anazungusha pedali akikagua cheni, halafu hesabu ikakubali yenyewe.

Kurekodi: chumbani kwangu. Magodoro yamesimamishwa nyuma ya mpigaji, blanketi dirishani, feni na friji vimezimwa. Maiki ya kondensa moja tu, kama shibiri moja na nusu kutoka pale shingo ya gita inapokutana na mwili. Ukiielekeza kwenye tundu utavuna mngurumo mtupu. Besi imechomekwa moja kwa moja. Usiku wa manane ndiyo saa pekee mtaa wetu wa Makorora unatulia, ukiacha majogoo wasiojua wakati.

Redio ya mzee ina hadithi yake, nitaileta mtu akiuliza. Karibuni.

Kipofu wa Noti (#2)

Nimekaa kiti cha mbele. Mkuu, redio ya mzee ina hadithi gani?

mzee_wa_sinema (#3)

Mkuu, heshima yako ipo, ila hapa sikubaliani. Dakika nne kati ya kumi na nne?

Sisi tuliokulia vibanda umiza tunajua filamu inavyotazamwa. Ipeleke Manzese saa tatu usiku. Feni linapiga kelele, watu wanakula mihogo, nje bodaboda. Muziki ukinyamaza nusu dakika tu mtu anapaza sauti: "Oya, spika imekufa!" Bongo Movie mnaicheka eti kinanda kinalia kuanzia mwanzo mpaka mwisho, lakini wale walijua mteja wao yuko wapi. Hata wimbo wenye maneno yanayosimulia mkasa, mnauita ushamba. Mama aliyechelewa kuingia anausikiliza ule wimbo anajua filamu imefika wapi. Nyie mnatunga kwa ajili ya wazungu wa matamasha.

Kinanda cha Makorora (#4)

@mzee_wa_sinema Hoja yako ya kibanda naikubali kuliko unavyodhani, na ile ya wimbo unaosimulia sikuwahi kuifikiria hivyo. Utenzi nao hufanya kazi hiyohiyo, anayekuja katikati anaambiwa tuko wapi.

Ila tofautisha vitu viwili. Muziki kunyamaza, na sauti kunyamaza. Filamu yetu haina hata sekunde moja ya sauti iliyokufa. Kuna maji yanapiga boya la pantoni, kuna tupa juu ya chuma, kuna mwadhini wa mbali, kuna kuku. Mahali ambapo spika inaonekana imekufa ni pale walipopiga picha wakasahau kurekodi mazingira, wakafuta kelele zote kwa programu, kikabaki kitu ambacho duniani hakipo. Kila mahali mnapopiga picha, mwisho wa siku wote wafunge mdomo, rekodini dakika moja ya mahali penyewe palivyo. Ni bure kabisa na ndiyo nusu ya muziki.

Na wazungu waache kidogo. Mzee wa Bweni akikaa barazani hapigiwi kinanda.

@Kipofu wa Noti Redio: kwenye kibanda cha mzee kuna redio ndogo inapiga taarabu. Rafiki yangu alitaka kuweka wimbo halisi wa zamani. Nikatunga mwingine wa mtindo ule, mzima, na maneno yake (ndio pekee wenye maneno, nao unasikika kwa mbali tu). Kuufanya usikike unatoka redioni kuna njia ya kompyuta: kata kila kilicho chini ya hezi 300 (mitetemo 300 kwa sekunde) na juu ya 3,400 hivi, imekaa. Njia nzuri zaidi ni kurudi na redio yenyewe kibandani, kuupigisha humo, na kuurekodi upya na kinasa sauti kikiwa mlangoni. Unapata redio, mabati, sakafu, kila kitu. Nilifanya ya pili.

Bibi Mhariri (#5)

Niwaambie siri ya chumba cha kuhariri. Muziki wa kushikia nafasi, ule mwongozaji anaoubandika wakati mtungaji hajaanza, ni sumu tamu. Nikikata picha juu yake, mikato yangu inaanza kufuata mapigo yake bila mimi kukusudia. Akija mtungaji na kitu chake kizuri, kila mtu anasema "hakikai". Hakikai kwa sababu picha ilishachezeshwa na muziki mwingine! Mtungaji analaumiwa, na maskini hana kosa.

Mimi siku hizi nakata bila muziki kabisa. Mwongozaji aking'ang'ania, nabandika ngoma tupu isiyo na melodia. Na kingine, ndugu watungaji: msianze kutunga kwa dhati kabla picha haijafungwa. Kufungwa maana yake mwongozaji ameapa hatakata tena hata fremu moja. Atavunja kiapo, lakini angalau atakuwa na haya.

@Kinanda cha Makorora nimependa safu ya tatu. Naichukua.

Fundi Mitambo (#6)

Natoa ya kiufundi maana naona watu watakwama hapo.

1. Fremu. Muulize mhariri fremu ngapi kwa sekunde KABLA ya kufungua programu. 24 na 23.976 zinafanana machoni, lakini tofauti ni moja katika elfu. Kwenye filamu ya dakika 14 ni karibu sekunde nzima mpaka mwisho. Na picha za simu nyingi zina fremu zisizotulia, zinapanda na kushuka kutegemea mwanga. Zigeuzwe kwanza ziwe na idadi moja, la sivyo muziki utateleza na mtatafuta mchawi.

2. Sampuli, yaani kompyuta inapima sauti mara ngapi kwa sekunde. Kazi ya picha ni kilohezi 48, kila kipimo biti 24. Siyo 44.1 ya CD. Nimeshaletewa kazi, faili la 44.1 limelazimishwa kusomwa kama 48, muziki wote umepanda karibu nusutoni (hatua ndogo ya kinanda) moja na nusu na unakwenda mbio. Mwimbaji alisikika mtoto.

3. Usitoe muziki uliokwisha kusagwa kuwa faili moja. Toa kila kundi la ala peke yake: besi, gita, ngoma, nyuzi, yote yaanzie sekunde ileile. Mchanganyaji akikuta gita linagombana na mazungumzo analishusha gita tu, anaacha besi. Sauti ya binadamu inaeleweka zaidi kati ya kilohezi 1 na 4. Ala inayoishi humohumo wakati mtu anaongea, hata ipigwe na malaika, itachukiwa.

4. Trei za mayai ukutani hazizuii sauti. Narudia, hazizuii. Zinatawanya kidogo zile nyembamba za juu, basi. Jirani atakusikia na wewe utamsikia. Magodoro ya mwenye uzi ni sahihi zaidi.

Na hiyo ya injini nimeivulia kofia. Nyongeza: umeme wetu ni hezi 50, kwa hiyo friji na taa za mirija zinavuma hezi 100, ambayo iko juu kidogo ya G. Sini ikiwa na mvumo wa friji na wewe ukatunga kwenye G iliyosimama sawasawa, utasikia kitu kinatetema na hutajua ni nini. Ama futa mvumo, ama hama ufunguo.

Kipofu wa Noti (#7)

Fundi, kwa asiye na pesa kabisa, programu gani?

Fundi Mitambo (#8)

Reaper. Unaijaribu siku 60, leseni ya mtu binafsi ni dola 60, inabeba video ndani yake na kompyuta ya kawaida inaimudu. Ukitaka bure kabisa, DaVinci Resolve ya bure ina ukurasa wa sauti unaoitwa Fairlight. Kwa kutunga siyo starehe, kwa kuchanganya inatosha. FL Studio mnayoijua nayo inaweza kufungua video, usiikimbie kama mkono wako umeshaizoea.

Maiki: kama una moja ya jukwaani, SM58 au ndugu zake, anza nayo. Chumba kibovu kinaharibu sauti ya maiki ya kondensa haraka kuliko ya jukwaani, kwa sababu ile ya kondensa inasikia mpaka mawazo ya jirani.

Mwana Malindi (#9)

Assalaam aleikum. Mie fidla, Unguja, kwa hiyo mjue naegemea wapi.

Bwana Kinanda, umesema vyema, lakini umetudhulumu kidogo. Pangani ipo ng'ambo yetu tu, mkondo umetutenga. Watu wa mwambao ule walikuwa wakisikiliza Unguja redioni, na Siti binti Saad sahani zake zilizorekodiwa Bombay tangu 1928 zilisambaa pwani nzima. Mzee wako miaka ya 60 alikuwa na gita la Tanga kwenye harusi na fidla za Unguja kwenye redio. Vyote ni vyake. Mwenzio hakukosea sana.

Palipo na makosa makubwa ni pale watu wanapoigiza kanuni kwa kompyuta. Bayati na Rasti ni ngazi za noti za taarabu; Bayati ya D inataka E iliyo nusu ya njia, si E ya kinanda wala E-flati. Rasti ya C inataka E na B za namna hiyo. Ukipiga kwa noti za piano, mtu wa huku haambiwi, anajua tu kuna kitu kimekufa. Vinanda vingi vya taarabu vina kitufe cha kuzishusha noti hizo, na kwenye programu unaweza kuzishusha moja moja senti 50, yaani nusu ya nusutoni. Ni kazi, lakini fanya. Au tafuta mtu. Pale DCMA, chuo cha muziki cha Mji Mkongwe, vijana wanapiga kanuni na udi vizuri, nao wanahitaji kazi.

Na kwa yule aliyesema matamasha ni ya wazungu: ZIFF, tamasha la filamu la Zanzibar, ilianzishwa 1997, maonyesho yake tumeyatazama Ngome Kongwe, nje, upepo unavuma, watoto wanapita na kashata. Muziki wako mwembamba wa noti tatu pale hausikiki, nakwambia kweli. Mtunge mkijua.

Kinanda cha Makorora (#10)

Waaleikum salaam bwana. Ya redio umenishinda, sibishi. Kwa kweli ule wimbo wa redioni nimeupa fidla moja (ya kompyuta, usinipige), kwa hiyo Unguja ipo ndani ingawa imekaa kwenye boksi.

Ya Ngome Kongwe ni kubwa zaidi. Ile sini ya pantoni inategemea mtu asikie tofauti kati ya injini na gita. Kwenye uwanja wa wazi nadhani atasikia injini ikizimwa, kisha gita limebaki, hata kama mwanzo wake hakuusikia. Nilipolijaribu kwenye spika ya simu lilipotea lote kwa sababu noti ya chini kabisa simu haiitoi, nikaongeza ileile okta moja juu, yaani sauti nyembamba zaidi, kwa mbali. Okta hiyo ndiyo itakayoniokoa Unguja, tukifika.

Kijana wa Likoni (#11)

Salamu kutoka Mombasa ndugu zanguni. Huku shida yetu ni nyingine. Waongozaji wanatoka Nairobi, wanakuja kupiga filamu Old Town, wanataka "muziki wa pwani". Muziki wa pwani kwao ni chakacha. Mtu amefiwa, chakacha. Mtu anakimbizwa na polisi, chakacha. Nilimuuliza mmoja, wallahi, unajua chakacha ni ngoma ya akina mama wakiwa harusini? Akaniambia "lakini inasikika coast". Nikapiga, nikalipwa, nikaenda zangu.

Swali langu ni la nyimbo za zamani. Mwenye uzi ametunga wimbo wa redioni ili kukwepa. Lakini nikitumia wimbo halisi, sekunde kumi tu, tena unasikika kwa mbali redioni? Nimeambiwa chini ya sekunde kumi na tano ni bure.

Wakili wa Mtaa (#12)

Hakuna sheria ya sekunde kumi na tano. Wala ya saba, wala ya thelathini. Ni uvumi unaozunguka dunia nzima.

Wimbo mmoja una haki mbili. Moja ya utunzi, yaani maneno na melodia, ni ya mtunzi au warithi wake. Ya pili ni ya ile rekodi yenyewe, ni ya aliyeirekodi. Kuweka wimbo kwenye filamu kunahitaji ruhusa ya pande zote mbili, hata ukisikika redioni jikoni kwa mhusika. Ukiupiga upya mwenyewe umekwepa haki ya rekodi tu. Ya utunzi bado unadaiwa. Tanzania Bara Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ni ya 1999, na haki ya mtunzi inaishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Kenya nako sheria ya 2001 ina kipimo hichohicho cha miaka 50. Kwa hiyo mwanamuziki wa miaka ya 70 aliyefariki juzi, wajukuu zake watakuwa bado na haki. Anzia ofisi za hakimiliki, COSOTA kwa Tanzania Bara, KECOBO kwa Kenya, ukaulize nani anashikilia nini. Nyimbo nyingi za zamani za bendi zetu zilirekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam, kwa hiyo mlango wa rekodi na mlango wa mtunzi ni milango miwili tofauti.

"Wimbo wa asili" pia usiukimbilie ukidhani ni shamba la bure. Sheria ileile ya 1999 ina sehemu inayolinda sanaa za jadi zikitumiwa kibiashara.

Na sampuli za bure mtandaoni, vile vipande vya sauti vilivyokwisha kurekodiwa: soma leseni. Hata ikiruhusu, mtu mwingine anaweza kuwa ametumia sampuli hiyohiyo kwenye wimbo wake na kuuingiza Content ID, mfumo wa YouTube unaotambua nyimbo za watu. Filamu yenu ikipandishwa, inadaiwa na mtu msiyemjua.

Sasa mimi namuuliza mwenye uzi: wewe na rafiki yako mmeandikishana?

mzee_wa_sinema (#13)

Marafiki waandikishane? Huo si ndio mwanzo wa kugombana.

Kinanda cha Makorora (#14)

Tumeandikishana, karatasi moja, Kiswahili cha kawaida, sahihi mbili na shahidi mmoja ambaye ni mama yake. Nitaweka yaliyomo, mwenye kutaka aige:

Muziki ni mali yangu. Filamu inaruhusiwa kuutumia milele, nchi yoyote, pamoja na tangazo la filamu, lakini hauruhusiwi kutolewa na kuwekwa kwenye filamu nyingine au tangazo la biashara bila kuniuliza. Jina langu litaandikwa kwenye kadi yake peke yake, siyo kwenye lile furushi la majina la mwisho linalopita mbio. Sikulipwa fedha, nimelipiwa nyuzi na nauli za pantoni. Filamu ikiuzwa napata asilimia tuliyokubaliana. Marekebisho baada ya picha kufungwa yana kikomo, na picha ikifunguliwa tena kikomo kinaanza upya. Hilo la mwisho liliandikwa kwa msisitizo, @Bibi Mhariri anajua kwa nini.

Mzee, hatujagombana. Tulikaribia kugombana kwenye dakika nne, na karatasi haikusaidia hapo. Iliyosaidia ni kutengeneza matoleo mawili ya sini moja, la kwake lenye muziki mwingi na la kwangu, tukawaonyesha watu wanaopita dukani kwa mjomba bila kuwaambia lipi la nani. Tukawauliza swali moja: mzee anaficha nini? Waliotazama la muziki mwingi walisema anaumwa. Waliotazama lingine, wawili watatu walisema "ana deni".

Bibi Mhariri (#15)

Hapo umenimaliza. "Ana deni" kwa gita tu?

Kinanda cha Makorora (#16)

Gita na mikono ya mwigizaji. Anafuta spana ambayo tayari ni safi. Muziki ulikuwa haupo pale, uliisha sekunde chache kabla, ndiyo maana waliiona mikono.

Mwana Malindi (#17)

Ile fidla ya kompyuta imenikera tangu nilipoisoma. Nitumie huo wimbo wa redioni bila fidla, nikupigie yangu, ukairekodi tena na redio yenu ya mabati. Sitaki fedha, nataka jina na nakala. Wakili aongeze mstari kwenye karatasi.

Wakili wa Mtaa (#18)

Mstari: mpigaji fidla ana haki ya upigaji wake, anaruhusu itumike ndani ya filamu hii na popote wimbo huo utakapotoka. Andikeni tarehe.

Kinanda cha Makorora (#19)

Bwana Malindi, nakutumia usiku huu. 48, 24, mapigo 66, Rasti ya C. Nimeziachia E na B nafasi yake.

Kijana wa Likoni (#20)

Sasa filamu yenyewe tunaiona wapi?

Kinanda cha Makorora (#21)

Bado. Imetumwa kwenye matamasha, na mengi hayapokei kitu ambacho kimeshawekwa mtandaoni. Mpaka wajibu, imefungiwa.

mzee_wa_sinema (#22)

Basi weka muziki tu. Sekunde kumi za pantoni. Yaani uzi wa muziki mrefu namna hii, sauti hakuna hata ya kuonja? Zamani ilikuwa uzi bila picha, sasa umefika bila sauti.

Kinanda cha Makorora (#23)

Karatasi inasema muziki natoa baada ya onyesho la kwanza, mzee wangu. Shahidi ni mama yake, na anasoma humu.